Tupeane uzoefu: nini kilikubakiza parokiani baada ya Kipaimara?

Katibu wa vijana, Dar
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Kila mwaka kwetu ni sinema ileile, askofu anakuja, watoto wanapakwa mafuta ya Krisma, picha zinapigwa, pilau inaliwa, halafu huwaoni tena mpaka siku wanafuata cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Nadharia tunazo, Papa Fransisko aliwaandikia vijana wosia wa Christus Vivit 2019 akasema vijana ni "sasa" ya Mungu na kila semina tunasomewa hiyo. Mimi nataka wewe uliyebaki, au uliyeondoka ukarudi, useme nini hasa kilikushika.

Fundi mitambo wa kwaya
Milele amina. Mimi ni kwaya aisee, na wala sio kuimba maana sauti sina. Nimemaliza form four niko home nasubiri matokeo, mama ananipeleka jumuiya, ile sala ya majirani Wakatoliki nyumba kwa nyumba, Jumamosi alfajiri, unakuta wamama watupu na mzee mmoja, kijana ni wewe peke yako, unasomeshwa somo wanasema "vijana wetu hao!" halafu mwisho unatumwa kurudisha viti. Siku moja mwalimu wa kwaya akasema dogo njoo utushikie mixer, mtambo wa sauti. Sijawahi kugusa mixer maishani. Akanionyesha hii ya padri, hii ya sauti ya kwanza, hii kinanda, na padri akianza Injili shusha kinanda chote maana spika ya kushoto inapiga mluzi. Basi akaenda zake kuongoza wimbo. Ilikuwa Pasaka, watu wamejaa mpaka nje kwenye maturubai na mimi ndo nimeshika sauti ya padri, nikizubaa kanisa zima linajua. Toka siku hiyo mazoezi sikosi, na ukikaa kwenye mixer hutoki nje wakati wa mahubiri hata ukitaka, kwa hiyo nikaanza kuyasikia.

Binti wa zamani TMCS
Kwangu shida ilikuja baada ya chuo. Chuoni TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, ilikuwa moto, mafungo, sala za usiku, kila mtu umri wako. Narudi mtaani, kwenye VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki parokiani, nakuta nusu ni watoto wa form two na viongozi ni kaka zetu wa miaka 30 na kitu ambao hawataki kung'atuka, nikapotea kabisa. Kilichonirudisha ni kikundi kidogo tu, watu wa makazini, tunakutana Alhamisi usiku kwa mmoja wetu, tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja halafu ile ona, amua, tenda ya padri Cardijn, yule Mbelgiji aliyeanzisha vijana wafanyakazi 1925. Juzi mwenzetu katuletea jambo, bosi wake anataka aandike risiti ya juu kuliko bei aliyonunulia. Tulikaa nalo mpaka saa tano usiku, wengine wanasema kataa, wengine wanasema una mtoto wewe utakula nini. Hilo swali kanisani Jumapili angemuuliza nani?

Mzee wa Moro
Na michango je? Kijana hana kazi, anapewa bahasha ya zaka, ya ujenzi, ya mavuno, ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Anaona aibu, anahamia kusikofahamika jina lake.

Mama wa WAWATA
Wanangu, hata sisi wanawake Wakatoliki wa WAWATA tunawasoma. Hilo la michango ni kweli, kwetu tulikubaliana asiye na kipato asiitwe jina mbele za watu. Pia jumuiya tuliitoa alfajiri tukaweka Jumapili saa kumi jioni, na wiki moja kila mwezi wanaongoza vijana wenyewe. Mara ya kwanza kijana kaongoza rozari anasoma kwenye simu, wazee wakanuna, mmoja kabisa akadhani anachati. Sasa wanamuulizia asipokuja.

Niko Doha
Mimi imani nimejifunza kuisema huku. Kazi ya hoteli, Ijumaa ndo kama Jumapili yetu, kanisa la Mama Yetu wa Rozari linajaa watu wa kila taifa. Nyumbani nani angeniuliza? Huku Jumatano ya Majivu naingia chumbani na majivu kwenye paji la uso, jamaa Mnepali ninayelala naye chumba kimoja ananiuliza hiyo alama usoni ni ya nini, nimeumia? Nikaeleza nikakwama katikati, nikamtumia katekista wetu wa nyumbani voisi, akanijibu usiku huohuo.

Dada wa mitumba
Voisi hizo ndo zimetuokoa sisi! Grupu letu lilikuwa limejaa zile cheni za "tuma kwa watu kumi upate muujiza", tukazipiga marufuku. Sasa kila siku mmoja anarekodi Injili ya siku na neno lake fupi, dakika mbili basi. Carlo Acutis, yule kijana aliyefariki 2006 ana miaka 15, si alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi kwa kompyuta tu, na 7 Septemba 2025 katangazwa mtakatifu. Mimi narekodia sokoni, kwa hiyo mkisikia Mathayo na nyuma kuna mtu anaita "buku mbili buku mbili" mjue ni zamu yangu.

Katibu wa vijana, Dar
Mama wa WAWATA, Jumapili saa kumi jioni haigongani na mechi?

Mama wa WAWATA
Ikiwa Simba na Yanga tunasali saa nane.