Jiji kubwa Bolivia ni lipi, Santa Cruz au La Paz na El Alto?

Chuma: Wadau, ukitaja Bolivia kila mtu anakimbilia La Paz. Sensa ya Machi 2024 imeshamaliza ubishi, Santa Cruz de la Sierra peke yake ina watu kama milioni 1.6, hapo hujaweka Warnes, La Guardia na Cotoca ambazo ni kama zimeshaungana nayo. Na wenyeji walipigania kuhesabiwa, 2022 waligoma siku 36, barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, wanataka sensa ije mapema maana viti vya bunge na mgao wa hela vinafuata vichwa. Kule milimani baridi tupu, oksijeni hakuna, nani akaishi huko?

Bi Tatu: Eti nani akaishi huko! El Alto iko mita 4,000 na imeshaipita La Paz yenyewe kwa watu. Wengi ni Waaymara, wenyeji wa asili wa milima ile, na wachimba madini walioachishwa kazi kuanzia 1985 wakapanda pale wakajijengea nyumba za tofali wenyewe. Asubuhi wanashuka kazini La Paz kwa vile vibehewa vinavyoning'inia kwenye nyaya, jioni wanarudi. Hilo ni jiji moja, hesabu yote kwa pamoja uone kama hawalingani na hao wako.

Chuma: Dada sijamtukana mtu, nimesema oksijeni tu.

Mkuki: Na oksijeni ndo wanaonea nayo wageni. Argentina ya Messi ilipigwa 6-1 pale La Paz, 2010 sijui. FIFA walizuia mechi za juu ya mita 2,500, wangekaza hapohapo.

Mzee Kipara: Ilikuwa Aprili 2009 kijana, na kocha alikuwa Maradona, ambaye huo mzuio aliupinga, 2008 akaenda La Paz kucheza na Rais Evo Morales. Watu wamezaliwa pale, wahame kwao ili mgeni apumue?

Chuma: Jamani mada ni idadi ya watu.

Bi Tatu: Mada uliiharibu mwenyewe na "nani akaishi huko". Brazil wamefungwa El Alto 2025, na Chile ilifungwa kwao Santiago 2024, huko nako mlima?

Mkuki: Bi Tatu, kabla ya hiyo Santiago Bolivia walikuwa hawajashinda ugenini mechi ya kufuzu Kombe la Dunia tangu 1993. Nijibu hilo kwanza.