Tupeane uzoefu: nani amefunga kruzi kontroli (kifaa cha kushikilia mwendo bila mkono kubana gripu) kwenye pikipiki kwa mikono yake mwenyewe?

Kiganja Ganzi (Dodoma)

Wakuu habari za Jumapili.

Natumia Suzuki V-Strom 650 ya 2008. Kila mwezi napiga Dodoma–Dar mara mbili, kilomita 450 hivi kwenda na nyingine hizo kurudi. Nikishapita Gairo kiganja cha kulia kinaanza kufa ganzi, nikifika Morogoro hata kizibo cha chupa ya maji nafunguliwa na muuza maji.

Shemeji yangu aliyeko Marekani akanitumia Audiovox CCS-100, ile ya zamani iliyotengenezewa magari, inayovuta aksileta kwa vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini. Nimeifunga mwenyewe wikiendi tatu. Kopo lake linalovuta aksileta nimelificha chini ya kiti, mipira ya vakyumu nimeiunga kwenye throto bodi (njia ya hewa ya injini), sumaku nimezigandisha kwenye boliti za diski ya nyuma ili isome mwendo. Swichi zimekaa kushoto, taa inawaka vizuri. Naingia barabarani, nafika 80, nabonyeza kushikisha: kimya. Narudia: kimya.

Kabla sijaichomoa yote, naomba waliowahi kufunga kitu chochote cha kushikilia mafuta, hata cha kienyeji, waseme walifanyaje na kiliwapata nini. Habari za "mpelekee fundi" naomba tuziache. Niliyempelekea aliizunguka pikipiki mara mbili akaniuliza, "Bosi, hii ni alamu?"

Boksa Mia Hamsini (Iringa)

Mkuu pole na kiganja. Mimi ya kwangu ni ya shilingi sifuri.

Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungusha kwenye ule mwanya kati ya gripu na boksi la swichi. Mpira unakwaruzana na gripu, aksileta inabaki pale ulipoiacha. Siku ya kwanza nilijiona nimevumbua ndege. Nilitoka Mafinga hadi Iringa mjini kidole kimoja juu ya gripu.

Kosa langu lilikuwa tamaa. Niliona inateleza kidogo nikaongeza mizunguko miwili ya mpira. Ikashika kwelikweli. Asubuhi moja ya mvua ng'ombe wakakatiza, nikaachia gripu nikitegemea irudi yenyewe kama miaka yote. Haikurudi. Breki nimekanyaga, injini bado inasukuma, tairi ya nyuma ikateleza kwenye tope nikalala upande. Goti na kioo. Ng'ombe walinitazama tu.

Tyubu bado ipo, lakini mzunguko mmoja, na kila asubuhi kabla sijatoka nafungua mafuta nusu halafu naachia. Ikichelewa kurudi, naing'oa.

Nduthi ya Mombasa Road (Nairobi)

Wadau, mimi nilinunua ile klempu ya chuma inayofungwa kwenye gripu, Atlas. Ina vitufe viwili: kimoja kinabana, kingine kinaachia. Kuifunga ni dakika ishirini na spana ndogo ya pembe sita, ila soma maelekezo ya ile nafasi ya kuachwa kati ya kibanio na boksi la swichi. Ikigusa kabla hujabonyeza, gripu itakuwa nzito siku zote. Ikiwa mbali sana, haitabana.

Sasa tusidanganyane, hii si kruzi. Inashika mkono wako, haishiki mwendo. Kutoka Athi River kuteremka, sindano inapanda yenyewe. Ukikutana na mlima inashuka hadi lori la nyuma lianze kukupigia honi. Kazi ya kurekebisha ni yako. Lakini unaweza kuizungusha kwa nguvu ya mkono hata ikiwa imebana, na hiyo ndiyo sababu nalala usingizi. Kati ya Mtito Andei na Voi napata dakika mbili tatu za kukunjua vidole, zinanitosha. Nikiona lori linajiandaa kulipita jingine mbele yangu, naifungua mapema, sisubiri.

Ukinunua za bei ya chini zilizoigwa, zijaribu hapo dukani kama zinazungushika zikiwa zimebana. Kama hazizungushiki, ziache hapohapo.

Mla Maili (Texas)

Kiganja Ganzi, usichomoe kitu! Swali moja tu: taa yako ya breki ni balbu ya kawaida au umeweka LED?

Nakuuliza kwa sababu nimepoteza mwezi mzima kwa jambo hilo. Nina Honda ST1100, mzee mwenye tangi la lita 28, na CCS-100 kama yako. Hapa kwetu Interstate 10 ukiivuka Texas kutoka mpaka hadi mpaka ni zaidi ya maili 870, na kule magharibi kibao kinasema maili 80 kwa saa. Bila kitu cha kushika mafuta unafika El Paso ukiwa na mkono wa kuazima.

Ule waya wa zambarau unaounga upande wa taa ya breki unatafuta ethi. Breki ikiwa haijakanyagwa, ethi inaufikia kwa kupitia uzi wa ndani wa balbu. Ukikanyaga, unapokea volti 12 na kompyuta ya kruzi inaachia mafuta papo hapo. Ni akili nzuri, maana balbu ikiungua kruzi inagoma kushika kabisa, na inatakiwa igome. Ubaya wake ni kwamba LED haipitishi ile ethi. Kompyuta inadhani balbu imekufa au umekanyaga breki, kwa hiyo hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, kimya.

Dawa ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya miguu mitano, ya bei ya chini tu. Mguu wa 85 ethi. Wa 86 waya wa taa ya breki. Wa 30 waya wa zambarau. Wa 87a ethi. Wa 87 uunge pamoja na ule wa 86. Ukiwa hujakanyaga, zambarau inaona ethi, ukikanyaga inaona 12. Basi.

Halafu usiruke waya wa bluu, ule wa koili ya plagi. Kuna watu wanauacha kwa sababu kruzi inafanya kazi hata bila huo. Siku utakapokamata klachi kruzi ikiwa imeshika, injini itapaa kwa sababu haina mzigo, na waya huo ndio unaoiambia kompyuta kwamba mizunguko ya injini imeruka, iachie.

Na la mwisho, nalisema kwa aibu. Ule mnyororo wa shanga unaovuta aksileta nilidhani nimeupitisha pazuri. Nilifunga usiku, nimechoka, mke ananiita chakula kimepoa. Kesho yake nikakata kona ya kuingia kituo cha mafuta, usukani umegeuka wote, mpira mmoja ukaubana mnyororo. Mafuta yakabaki wazi. Nilizima injini kwa ile swichi nyekundu nikasimama sentimita chache kabla ya pampu. Tangu siku hiyo nikigusa chochote pale, nawasha injini imesimama, nageuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Mlio ukibadilika hata kidogo, nafungua tena.

Kiganja Ganzi (Dodoma)

Mkuu Mla Maili… ni LED. Niliiweka mwaka jana kwa mbwembwe zangu, inamwekamweka. Naenda uani sasa hivi.

Mtoto wa Ruwi (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nichangie kidogo kwa wenye pikipiki za kisasa maana habari yake ni nyengine kabisa.

Nnayo Africa Twin ya 2018, mwaka ambao Honda waliondoa waya wa aksileta wakaweka umeme, lakini kruzi ya kiwandani ikaja baadaye kwenye ile ya 1100. Kwa hiyo kila kitu kimo ndani isipokuwa chenyewe tunachokitaka! Nikaagiza kit (seti ya vifaa vya kruzi) ya Australia. Hamna kopo wala mnyororo. Gripu ina sensa inayotuma ishara mbili kwenda kwenye kompyuta ya injini, na kit inakaa katikati inazungumza kwa niaba ya mkono wako. Ishara zote mbili lazima zikubaliane, zikitofautiana kompyuta inawasha taa na kukunyima nguvu. Mimi niliikunja pini moja ya plagi kwa haraka zangu, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa punda.

Tangu niinyooshe, alhamdulillah. Muscat hadi Salalah ni kama kilomita elfu moja, na baada ya Adam ni jangwa tupu na njia iliyonyooka. Naweka 110 nnatulia. Ila nikiona alama ya ngamia naizima, na upepo ukianza kurusha mchanga njiani naizima vilevile.

Arduino na Ugali (Nairobi)

Mimi natengeneza yangu. Nimechukua mota ndogo ya gia, bodi ya Arduino (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe) na sensa ya gurudumu. Kwenye stendi inashika mwendo poa sana. Wakubwa mnaonaje?

Mla Maili (Texas)

Mdogo wangu, swali moja tena: fyuzi ikikatika mota ikiwa imevuta mafuta nusu, nani anairudisha? Mota ya gia ikikosa umeme inabaki palepale. Zile za mota za kununua zina klachi ya sumaku kati ya mota na waya wa aksileta. Umeme ukikatika klachi inaachia, springi ya aksileta inajirudisha. Weka hiyo kwanza, na swichi ya breki ikate umeme wa klachi moja kwa moja bila kupitia programu yako. Hadi hapo, ibaki kwenye stendi.

Boksa Mia Hamsini (Iringa)

Dogo asikudanganye mtu, ng'ombe wapo hata Nairobi.

Kiganja Ganzi (Dodoma)

Wakuu nimerudi. LED nimeichomoa, nimerudisha balbu ya zamani kwanza, rilei nitatafuta kesho. Nimetoka njia ya Kondoa. Kwa 80 nikabonyeza, aksileta ikavutwa kama kuna mtu amekaa nyuma yangu. Nimepiga kelele ndani ya helmeti peke yangu. Nimegusa breki, imeachia. Nimekamata klachi, imeachia. Chini ya hamsini hivi haishiki, kwa hiyo kwenye vibao vya 50 ni mkono wangu tu, na ndivyo ninavyotaka.

Shida iliyobaki: kwenye mlima mrefu inashika nusu, halafu inalegea na mwendo unashuka hadi 65. Kwenye tambarare haina neno.

Mla Maili (Texas)

Vakyumu inakuishia. Mafuta yakifunguka sana mlimani injini haivuti tena hewa ya kutosha kwenye kopo. Tengeneza tangi la akiba ya vakyumu: bomba la PVC la maji, vifuniko viwili, gundi, na valvu ya njia moja upande wa injini. La kwangu lina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo.

Kiganja Ganzi (Dodoma)

Bomba ninalo, lilibaki tulipofunga tangi la maji. Sasa kwenye V-Strom hilo nalificha wapi? Chini ya kiti kopo limeshajaza. Aliyewahi kulifunga aweke picha.