Gari linalojiendesha lijaribiwe barabarani na sisi wengine tukiwemo?

Wakuu, juzi nimepanda gari la rafiki yangu lenye mfumo wa kujiendesha. Dakika ishirini mambo safi: linakata kona, linasubiri taa, linampisha mwenye baiskeli. Tukafika kwenye daraja, kivuli chake kimelala barabarani, gari likafunga breki. Kivuli tu! Lori nyuma yetu likapiga honi ndefu. Rafiki yangu akacheka: "Bado linajifunza."

Linajifunzia kwa nani? Mimi nilipanda kwa hiari. Yule wa lori nani alimuuliza?

Teknolojia yenyewe siipingi. Ninayemtilia shaka ni huyo dereva tunayeambiwa atakaa macho. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, Marekani, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akikokota baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo ulimnasa sekunde 5.6 kabla, ukababaika: mara ni gari, mara sijui kitu gani, mara baiskeli. Breki za dharura za gari lenyewe zilikuwa zimezimwa zisivutane na kompyuta. Na mwangalizi, yule aliyekaa kwenye usukani kulisimamia gari, alikuwa akitazama simu. Mlaumuni mtakavyo, lakini kumkalisha mtu bure saa nzima, kisha umtake aokoe roho ndani ya sekunde mbili, ni kumpa kazi ngumu kuliko kuendesha.

Mchangiaji wa kwanza: Na binadamu je? Shirika la Afya Duniani linataja vifo vya barabarani kama milioni 1.19 kwa mwaka. Ukilifungia gari kwenye uwanja wenye uzio, litamjulia wapi mtoto anayekimbilia mpira?

Mleta mada: Hapo kwa mtoto umenipata. Ila tusichanganye. Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, walianza na waangalizi waliofunzwa, na ni mwaka 2020 ndipo umma wa Phoenix, Arizona, ulipofunguliwa magari yasiyo na dereva. Hawa wetu ni wateja: kasoma onyo moja kwenye skrini, kabonyeza "nakubali", kaondoka. Basi angalau wabandike alama nyuma, kama ya mwanafunzi wa udereva, nijue kuacha nafasi.

Mchangiaji wa pili: Swali dogo. Breki zilipofunga, rafiki yako alikuwa anafanya nini?

Mleta mada: Hilo nililiruka makusudi, maana ni rafiki yangu. Alikuwa anajibu meseji.