Ukoo wa Kibwana: Mbudya Jumamosi?

ALHAMISI

Shangazi Mwajuma: Assalam aleikum wote. Nakumbusha safari ya kisiwa cha Mbudya Jumamosi. Tukutane Kunduchi saa nne kamili, na nikisema saa nne si ile saa nne ya Zuhura. Mchango wa boti na mkaa bado haujatimia.

Zuhura: Waaleikum salaam shangazi. Mimi nimeshatuma. Aliyebaki ni mume wangu, na huyo mdai mwenyewe 😂

Masanja: Nipo kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni. Nikifika natuma. Lakini wakwe zangu, mmeliona angalizo la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa? Upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayozidi mita 2, ukanda wote wa pwani na visiwani. Kesho mpaka Jumapili. Isijekuwa Hidaya nyingine hii.

Naima: Baba, Hidaya ilikuwa kimbunga, na ilikuja Mei 2024. Sasa hivi ni Julai.

Zuhura: Na hiyo ni rangi ya njano. Njano angalizo, machungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Hilo ni kusi baba Naima, linavuma kila mwaka majira haya. Wewe mwaka huu ndiyo umeanza kusoma.

Shangazi Mwajuma: Kwa hiyo tunakwenda au hatuendi? Mimi samaki changu nimeshanunua soko la Feri, kilo sita, wapo kwenye barafu.

Idrisa: Shikamooni wakubwa. Mbudya sijui, ila mimi Jumamosi alfajiri nipo Kimbiji na ubao wangu wa kupanda mawimbi. Wiki nzima nalifuatilia hili wimbi kwenye apu, naona sasa limeiva.

Shangazi Mwajuma: Ubao! Idrisa mwanangu, wenzio wa rika lako wanajenga.

Idrisa: Na mimi najenga shangazi, najenga afya 🏄🏾

Baba Mkubwa Shomari: 🎤 Ujumbe wa sauti, 2:31

Masanja: Siwezi kusikiliza humu, simu ikilia kidogo tu basi zima linageuka. Nani anifupishie?

Naima: Babu anasema angalizo ni la kweli na msilidharau, ila hiyo mita 2 peke yake haimwambii kitu. Anataka kujua wimbi linatoka wapi, linafuatana vipi na lenzake, na maji yatakuwa yamejaa au yamepwa. Halafu amesalimia kila mtu kwa jina, hiyo ndiyo dakika moja nzima. Baba, wewe amekuita "yule bwana wa Mwanza".

Masanja: Mpe shikamoo yangu 😅 Jamani kwetu ziwa halijai wala halipwi. Ukiliacha asubuhi, jioni unalikuta palepale. Nyie bahari yenu inatembea.

Idrisa: Ba'mkubwa amegusa penyewe. Shemeji, ngoja nikueleze. Hizi namba za urefu wa mawimbi zinazotolewa si kwamba kila wimbi lina urefu huo. Ni wastani wa yale makubwa, theluthi ya juu. Ukiambiwa mita 2, halafu likakujia moja la mita 3 na nusu, hakuna aliyekudanganya.

Masanja: Hapo umenitisha badala ya kunieleza.

Idrisa: Subiri. Jumamosi kuna mawimbi ya aina mbili kwenye maji yaleyale. Moja ni la kusi lenyewe, mita 1.7, sekunde 7. Jingine dogo, mita 0.9, sekunde 13. Wengi wanaangalia kubwa. Mimi naangalia dogo.

Masanja: Sekunde za nini?

Idrisa: Umesimama mahali pamoja, kilele kimepita, unahesabu mpaka kipite kingine. La sekunde 7, kilele na kilele vimeachana kama mita 76. La sekunde 13, kama mita 260! Na wimbi huanza kugusa chini kina kikibaki nusu ya huo urefu. Kwa hiyo la kusi halina habari na mwamba mpaka kina kifike mita 38 hivi, linafika pale limevurugika, linapiga povu basi. Lile refu linaanza kukokota chini tangu mita 130. Likifika mwambani limeshapunguza mwendo, limejikusanya, linasimama wima lote kwa pamoja. Hiyo sentimita 90 ya kwenye apu itanifika kifuani.

Zuhura: Na linatoka wapi hilo dogo lenye maringo?

Idrisa: Dhoruba za kusini kabisa, chini ya Madagaska. Limesafiri siku kadhaa kuja huku. Madagaska yenyewe inatukinga na mengi, tunapata yale yaliyopita upande wake wa mashariki. Ndiyo maana sisi Dar hatupati kila siku, na likija mtu anaomba ruhusa kazini.

Zuhura: Jumamosi ruhusa ya nini.

Idrisa: Nasema likija katikati ya wiki dada.

Baba Mkubwa Shomari: Idrisa mlango unaujua

Idrisa: Naujua Ba'mkubwa, ule uwazi kwenye mwamba. Naingilia upande wa mchanga, sipiti juu ya matumbawe.

Baba Mkubwa Shomari: maji yanapwa saa ngapi

Idrisa: Kesho mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Jumamosi yanajaa saa 10:50 alfajiri, mita 3.5. Yanapwa kwenye saa 5 asubuhi, yanabaki 0.3.

Baba Mkubwa Shomari: 🎤 Ujumbe wa sauti, 3:08

Masanja: Naima mwanangu, kazi yako.

Naima: Babu anasema hivi. Maji ya bamvua hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanatoka kidogo, ya pili yanaongeza, ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, nusu ya maji yote inatoka humo. Kwa Jumamosi ni kati ya saa 1 na saa 3. Na mawimbi nayo yanapandisha maji juu ya mwamba, yote hayo yanatafuta njia ya kurudi, na njia ni mlango. Mjomba akikutwa mlangoni saa hiyo atatolewa nje, na nje mkondo unakwenda kaskazini. Anasema, namnukuu, "tutamtafuta Mjimwema".

Naima: Ikitokea, asishindane na maji. Aende kwa ubavu, sambamba na mwamba, mpaka atoke kwenye njia ya maji, ndiyo arudi. Na ubao asiuache hata iweje.

Zuhura: Mie nimeshapata presha na sijaenda popote.

Idrisa: Niko naye kabisa Ba'mkubwa. Mpango wangu naingia saa 12 na nusu kukishapambazuka, bado kuna karibu mita 3 za maji. Saa 2 natoka, imebaki kama mita 1.8. Baada ya hapo mwamba unaanza kuonyesha meno, sina biashara pale. Upepo nao alfajiri unatoka nchi kavu, unalinyoosha wimbi uso. Apu inasema kusi litageuka kuingia saa 3.

Baba Mkubwa Shomari: saa moja litakuwa limeingia

Idrisa: Apu inasema saa 3 Ba'mkubwa.

Baba Mkubwa Shomari: apu inakaa Kimbiji?

Zuhura: 😂😂😂

Idrisa: Hapo sina jibu. Kwanza kweli haiuoni mwamba wenyewe. Inachora bahari kwa miraba ya kilomita nyingi, huo mlango wetu haumo kabisa.

Shangazi Mwajuma: Sasa mmemaliza ya Idrisa? Mimi nina watoto tisa wa kupeleka kisiwani na kilo sita za changu. Kaka Shomari, sema.

Baba Mkubwa Shomari: 🎤 Ujumbe wa sauti, 4:47

Masanja: Dakika nne na nusu. Hii ni hotuba.

Naima: Nasikiliza, ngojeni.

Naima: Bibi, Babu anasema hapana. Saa nne unayotaka kuondoka, maji yatakuwa karibu kuisha. Boti zitakuwa zimekaa mbali, mtashuka na masufuria na watoto kwenye tope na mawe yenye nungu wa bahari. Hilo la kwanza, na anasema ni dogo.

Naima: Kubwa ni kurudi. Mbudya mabanda yako upande wa ndani, unaotazama Kunduchi. Kusi linapiga upande wa pili wa kisiwa. Mtakaa pale mnachoma samaki, maji mbele yenu yametulia, kila mtu anasema mbona shwari tu, TMA waongo. Saa tisa mnapakia, mnatoka kwenye kivuli cha kisiwa, ndiyo mnakutana nalo, na saa hizo ndiyo limepata nguvu zake zote. Wimbi la sekunde 7 ndilo baya kwa boti ndogo, halikupi nafasi ya kupumua, linakuja la ubavuni na lenzake liko nyuma yake. Idrisa anapenda refu, nahodha wa boti anachukia fupi.

Naima: Mwishoni ameongelea Skagit. Anasema siku ile yeye alikuwa Feri.

Shangazi Mwajuma: Tarehe 18 Julai 2012. Ilitoka hapa mchana kwenda Unguja, bahari chafu, ikazama karibu na Chumbe. Nakumbuka. Basi.

Shangazi Mwajuma: Ile ilikuwa meli. Sisi tunazungumzia boti ya mashine moja. Hatuendi.

Masanja: Naunga mkono kwa mikono miwili. Mimi hata kuogelea ni kwa kubahatisha.

Naima: Jamani 😭 nilishaazima miwani ya kuzamia.

Zuhura: Maji yenyewe yangekuwa yamevurugika, ungeona nini. Kusi likipiga siku tatu hivi hata mkono wako huuoni vizuri.

Baba Mkubwa Shomari: Jumamosi ijayo

Shangazi Mwajuma: Jumamosi ijayo kuna nini kaka? Kusi si litakuwepo bado?

Idrisa: Anamaanisha maji mafu shangazi. Mwezi utakuwa nusu. Maji yatajaa kama saa 4 na nusu, saa 5 kasoro, kisha yanashuka polepole mpaka jioni, tofauti ya kujaa na kupwa ni mita moja na kidogo tu. Mnapanda boti saa 3 pale ufukweni, hakuna kukanyaga tope. Saa 7 mnarudi kabla upepo haujapanda. Upepo wenyewe wa siku ile hakuna wa kukuambia leo. Tutazame Alhamisi, TMA huwa wanatoa utabiri wa siku tano mbele.

Shangazi Mwajuma: Haya. Na hao changu tutawachoma kwangu Mtongani Jumamosi hii hii. Siwezi kuwalaza kwenye barafu wiki nzima kwa sababu ya mwezi.

Masanja: Hapo sasa ndipo nilipokuwa nasubiri.

IJUMAA

Baba Mkubwa Shomari: Idrisa unakwenda na nani

Idrisa: Vijana wawili wa palepale Kimbiji, mmoja mvuvi, mwamba ule ameanza kuukanyaga akiwa mdogo. Mmoja wetu atabaki ufukweni muda wote.

Baba Mkubwa Shomari: sawa. vaa viatu

JUMAMOSI

06:04
Idrisa: Nimefika. Upepo mwepesi, unatoka nchi kavu. Ba'mkubwa, limo lile refu, nalisikia kabla sijaliona.

08:11
Shangazi Mwajuma: Idrisa

08:12
Zuhura: Idrisa???

08:13
Masanja: Mjimwema nani anamfahamu mtu pale?

08:26
Idrisa: Nipo nchi kavu, nilikuwa navua viatu! Nimetoka majini saa 2 kasoro robo. Jamani. Yanakuja matatu au manne kwa mkupuo, halafu bahari inalala mpaka unadhani yameisha, unaanza kupiga stori na mwenzio, mara mstari mweusi kule mbali. La kwanza unaliacha lipite, linakuwa limejaa mikunjo ya kusi. La tatu ndilo safi. Nimepata machache tu, lakini moja limenibeba kutoka ukingo wa mwamba mpaka karibu na mchanga. Kifuani kweli, jingine lilinifika kichwani.

08:27
Idrisa: Kwenye saa moja na nusu maji yalianza kuvuta kuelekea mlangoni, unakaa juu ya ubao na unaona mnazi uliokuwa mbele yako umehama. Hapo ndipo tukakubaliana kutoka. Sasa hivi mwamba unaonekana, matumbawe yamechomoza.

08:29
Idrisa: Na Ba'mkubwa, kwa heshima zote, upepo mpaka dakika hii bado ni wa nchi kavu. Saa moja imepita zamani 🙈

08:41
Baba Mkubwa Shomari: wingu limetanda bara, jua halijapiga. ngoja

09:20
Idrisa: Limeingia. Bahari imebadilika rangi ndani ya robo saa.

09:21
Naima: Saa 3 na dakika 20. Apu ilisema saa 3, Babu alisema saa 1. Mimi sisemi kitu.

09:23
Baba Mkubwa Shomari: 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:04

09:24
Naima: Amecheka tu.

14:48
Shangazi Mwajuma: 📷 Picha

14:48
Shangazi Mwajuma: Nimepita ufukweni kununua ndimu. Tazameni. Kutoka hapa mpaka Mbudya ni nyeupe tupu. Kuna boti imerudi sasa hivi, watu wamelowa mpaka kwenye mifuko, mama mmoja amekaa mchangani hataki kusemeshwa.

14:50
Zuhura: Yarabi. Na sisi tungekuwa tunapakia masufuria saa hizi.

14:52
Idrisa: Mimi niko njiani nakuja Mtongani, nimepita darajani tayari. Nibakizieni kichwa.

14:53
Shangazi Mwajuma: Vichwa vya Kaka Shomari. Wewe utapata mkia na mahubiri. Jamani, Jumamosi ijayo boti saa 3, kurudi saa 7, na kila mtoto na jaketi lake la kuokolea, nahodha asipokuwa nayo ya kutosha tunageuka nyumbani. Masanja, mchango wa mkaa.

14:57
Masanja: Nimetuma mama. Tazama simu.

14:59
Shangazi Mwajuma: Imeingia. Hujaweka ya kutolea.