Magadi ya Ziwa Natron: tuchimbe au tuache? Tujadili kwa hoja

Wakuu habari za jioni. Suala la kuchimba magadi Natron linakufa na kufufuka kila baada ya miaka kadhaa. Kwa ambao hawakufuatilia, kati ya 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) na Tata Chemicals ya India kujenga kiwanda cha tani 500,000 kwa mwaka, kelele zikawa nyingi, 2008 Tata wakajitoa, ila wazo lenyewe halijaondoka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Magadi tuchimbe, viwanda vya vioo na sabuni vinayahitaji na tunaagiza nje kitu ambacho tunacho. Lakini sio Natron.

Watu wengi wanaliona lile ziwa kama shimo la chumvi tu lililokaa bure. Jamani, lile ziwa ni kazi ya dunia kupasuka. Bonde la Ufa linavyotanuka ardhi ya katikati inazama, maji yanaingia na hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Na pembeni yake kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu, yaani magadi yaliyoyeyuka. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati ile ya Hawaii inapita 1,100, inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, na mvua zikinyesha inasombwa kushuka bondeni. 2007 tetemeko lilitikisa mpaka Nairobi na baadaye mwaka huo mlima ukalipuka, kwa hiyo hii sio historia, kazi bado inaendelea.

Sasa kwenye maji hayo makali, pH (kipimo cha ukali wa tindikali na magadi, maji safi ni 7) inapita 10, ngozi yako yanaichoma, ndimo wanamoishi bakteria wa buluu-kijani (cyanobacteria) wanaoliwa na heroe wadogo (flamingo). Ndugu za bakteria hao ndio waliojaza oksijeni hewani miaka kama bilioni 2.4 iliyopita, pumzi tunayovuta leo chanzo chake ni hao. Na 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba maziwa ya magadi yanaweza kuwa ndiko uhai ulikoanzia, kwa sababu kwenye maji ya kawaida kalisiamu inaikamata fosforasi inazama nayo, ila penye kabonati nyingi kalisiamu inashikwa na kabonati na fosforasi inabaki huru majini. Bila fosforasi hakuna DNA.

Karibu robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wanakadiriwa kuzaliwa hapo Natron. Karibuni.

#2
Mkuu hoja zako nzuri ila vijana wa Longido wanataka ajira sio bakteria. Kenya wanachimba Ziwa Magadi tangu 1911 na ziwa lipo na flamingo wapo. Kwa nini sisi tu kila kitu tuambiwe tuhifadhi?

Mleta mada
Mkuu swali la haki kabisa. Ziwa Magadi heroe wanakuja kula, kuzaliana wanazaliana Natron. 1962 Natron ilifurika wakalazimika kutagia Magadi, makinda yakagandwa na magadi miguuni kama pingu, mengi yakafa, ikabidi watu waingie wenyewe kuyagonga yale mapingu yavunjike. Kwa hiyo huwezi kusema mbona Magadi imewezekana, wa Magadi wenyewe wanategemea makinda ya kwetu. Wanajenga viota vya tope katikati ya ziwa, maji yakizidi mayai yanazama, yakipungua kidogo tu fisi na mbweha wanatembea mpaka kwenye kiota. Ni kina kidogo sana hicho, ziwa lenyewe halifiki mita 3. Kiwanda kinanyonya maji ya magadi halafu kinahitaji na maji baridi, na mito inayoingia pale ni michache, mkubwa ni Ewaso Ng'iro unaotoka Mau huko Kenya. Kuhusu ajira niko na wewe, ndio maana nasema Engaruka, Monduli, magadi yako chini ya ardhi mengi sana, NDC wenyewe wameshayapima, na pale hakuna kiota.

#4
Engaruka nako kuna watu mleta mada. Usiwahamishie mzigo ndugu zetu wa kule kwa ajili ya ndege.

Mleta mada
Hapo siwezi kubisha hata kidogo. Watu walipwe fidia kabla ya trekta la kwanza kufika na malisho yao yajulikane yako wapi, wakikataa masharti wasikilizwe. Lakini mtu unaweza kukaa naye mezani mkaelewana, ziwa ukishaliharibu hutaelewana nalo.

#6
Hiyo ya uhai kuanzia ziwa la magadi ni nadharia tu, wengine wanasema chini ya bahari kwenye chemchemi za moto.

Mleta mada
Kweli, mjadala huo haujaisha, na Natron yenyewe ni ziwa changa, hakuna anayesema uhai ulianzia hapo. Ninachosema mimi ni kwamba sehemu ambazo unaweza kwenda ukaona kwa macho volkano inalisha ziwa na ziwa linalisha uhai duniani ni chache mno, na hii iko Arusha, na toka 2001 nchi yetu imeiweka kwenye orodha ya Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu) kwa hiari yake.

Kwa hiyo wanaotaka kiwanda Natron naomba mnijibu hili moja tu kwanza: maji baridi ya kiwanda yatatoka mto gani, lita ngapi kwa siku, na wafugaji wa Engaresero, kijiji cha pembeni ya ziwa, watanyweshea wapi mwezi wa 9?