Kazi inasema hivi, roho inasema vile: watu wa kusini tupeane uzoefu

Mwana Ndanda: Jana karani wetu wa chama cha ushirika kamrudishia bibi gunia la korosho, eti unyevu umezidi. Kalibeba kichwani toka mbali, anarudi nalo. Mashine kweli ilisoma hivyo ila roho imeniuma. Nyie mshawahi kubanwa hivi kazini?

Kitangari Mjini: Umenikumbusha 2018. Wakulima waligomea bei za mnadani, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo, ndo ukaja uhakiki wa mashamba ili kangomba, wale walanguzi wanaonunua kinyemela kwa wakulima, wasilipwe. Nilikuwa kwenye timu, nikafika kwa mzee mmoja jirani yetu kabisa, kilo za ghalani na mikorosho yake haviendani hata kidogo, na mi najua zile za ziada ni za shemeji yake mjane, hana akaunti na malipo yanapita benki, akapitishia jina la mzee. Mkewe kaniletea kiti na dafu. Fomu haina sehemu ya kuandika mjane. Nikaandika nilichohesabu. Hela yao ilikaa weee, mtoto wa mjane akachelewa kuripoti sekondari kisa sare. Na leo ningeandika vilevile, kesho kangomba wa kweli naye anakuja na stori ya mjane.

Mama Nyangao: Hapo kwenye dafu umenimaliza mwanangu.

Mikindani1: Huna huruma we. Mwenye lori angekuletea mbuzi ungemwandika?

Kitangari Mjini: Ningemwandika na mbuzi wake. Usinipakazie.

Nesi wa Zamu: Acheni korosho. Usiku kaletwa kijana na bodaboda, kakatwa panga, damu mpaka kwenye ndala, PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, hakuna, polisi mbali. Bosi kwenye simu anasema usimguse bila fomu. Nikamshona. Asubuhi barua ya kujieleza. Kumbe aliyemkata ni ba'mdogo wangu mwenyewe, alimkuta anavunja stoo yake! Mpaka leo haitikii shikamoo yangu.

Mama Nyangao: Uwiii! Alipona?

Nesi wa Zamu: Mzima, anacheza bao. Hata asante hajasema.

Mikindani1: Dharura unatibu kwanza, PF3 inafuata. Jibu mistari miwili tu, barua ndefu inakufunga mwenyewe.

Kitangari Mjini: Hapana, andika kila kitu na saa uliyopiga simu.

Mama Nyangao: Ba'mdogo mpelekee ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ataitikia tu.

Mwana Ndanda: Na bibi wangu jamani?

Karani Mwenzenu: Gunia bichi likipita kwetu ghala kuu wanalirudisha, hasara ya chama kizima. Akaanike siku mbili arudi.

Mwana Ndanda: Aanike wapi na mvua hii?