Kibarani ilifunikwa tu! Tunataka majibu ya vipimo vya udongo na maji kabla hamjaleta mchoro mwingine wa "kuboresha ufuo"

Nimechoka na leo nasema yote. Kila mgeni anayeingia kisiwani Mombasa, awe ametoka uwanja wa ndege au kituo cha reli ya SGR pale Miritini, akifika Kibarani, pale Makupa, anatoa simu apige picha. Miti imepandwa, nyasi za kijani, bahari huku na huku, daraja jipya. "Mombasa imebadilika!" Sisi tunaoishi ng'ambo hii ya hori, huu mkono wa bahari, Changamwe na Mikindani, tunaambiwa tushukuru. Tushukuru nini hasa?

Wanaoikumbuka Kibarani ya zamani wananielewa. Miaka nenda miaka rudi, malori ya taka yalimwaga pale, ukingoni kabisa mwa maji. Nepi, betri, chupa, uchafu wa sokoni, uchafu wa viwandani, kila kitu. Moto haukuzimika, na moshi ulivuka barabara hadi madereva wanafunga vioo. Bamvua likija, bahari inakomba inachoweza, na kesho yake mvuvi anavuta wavu umejaa mifuko ya plastiki. Mwaka wa 2018 jaa likafungwa, taka zikahamishiwa Mwakirunge kule Kisauni. Tulifurahi mno. Kisha yakaja matingatinga, yakasawazisha lile lima la uchafu, udongo ukamwagwa juu, miti ikapandwa. Basi, kazi imekwisha!

Jamani, kidonda chenye usaha hakifungwi bandeji kikaachwa. Jaa lile halikuwahi kutandikwa kitu chini kuzuia uchafu usipenye ardhini. Mvua za masika zinapenya kutoka juu, maji ya bahari yanaingia kwa pembeni kila yakijaa, na yakipwa yanatoka na vyote vilivyolowekwa humo: mafuta, dawa za viwandani, madini ya risasi ya betri. Taka zinazooza chini ya udongo hutoa gesi ya methani kwa miaka mingi. Ndiyo maana mahali wanapofanya kazi hii kwa dhati hutandaza tabaka nene lisilopitisha maji, huchimba mifereji pembeni kukusanya yale maji meusi, huweka mabomba ya kutoa gesi, na huchimba visima vidogo vya kupimia maji mwaka baada ya mwaka. Kibarani visima hivyo viko wapi? Nani anapima? Majibu yamebandikwa ofisi gani mwananchi akayasome? Nimeuliza kwa mdomo, nimeuliza kwa barua, natumwa kutoka dirisha hili hadi lile.

Na msiniambie najitia hofu bure. Mtaa wa Owino Uhuru ni papa hapa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka wa 2007 kikiwa kimepakana na nyumba za watu, na hakikufungwa hadi 2014. Risasi iliingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye damu ya watoto. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Rufaa ikaipangua hukumu hiyo, na ilibidi watu wafike hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliirudisha Desemba 2024. Hebu hesabu tangu kiwanda kifungwe hadi siku hiyo ni miaka mingapi, na watoto wale sasa wana umri gani. Kwa hiyo mtu akija kuniambia "udongo uko sawa, ona miti inavyostawi", namtaka anionyeshe karatasi ya maabara. Mti unaweza kustawi juu ya udongo usiofaa mtoto kuuchezea.

Daraja nalisifu bila kinyongo. Tuta la zamani la Makupa lilikuwa limeyaziba maji tangu enzi za mkoloni, hori la Tudor upande mmoja halikubadilishana maji na la Port Reitz upande wa pili. Daraja la mita 457 lililofunguliwa 2022, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 4.5, limeyapa maji njia. Lakini maji yanayopita hapo yamebeba nini? Sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na bomba la majitaka. Tunategemea mashimo, na mitaa mingine vyoo vinaishia baharini moja kwa moja. Mikoko ya hori la Tudor imenyweshwa kinyesi kwa miongo. Huku Makupa tangi la mafuta lilitoboka mwaka wa 1988, mafuta yakaenea majini na mikoko ikafa. Hori limevumilia mengi. Ukitaka kulifufua, anza na mabomba. Lakini bomba liko chini ya ardhi, halipigwi picha, halikatiwi utepe, kwa hiyo kila siku litasubiri.

Sasa kilichonipandisha hasira hadi nikaandika. Tuliitwa mkutano na ofisi moja, sitaitaja, kuhusu "kuboresha ufuo" upande wetu. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukaonyeshwa michoro ukutani: njia ya kukimbilia asubuhi, mikahawa, maghorofa yanayotazama bahari, watoto weupe na baiskeli. Maelezo yote Kiingereza. Mzee mmoja mvuvi akauliza, "Diko letu, pale tunapofikia na vyombo vyetu, liko wapi humu?" Kimya. Akarudia. Kijana wa kompyuta akapekuapekua, akasema hilo litaangaliwa awamu nyingine. Diko ambalo babu zake walipakulia kamba na kaa, halikuchorwa hata nukta! Kisha ikazungushwa karatasi ya mahudhurio, tukatia sahihi kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya nauli. Baadaye tunasikia wananchi "wameshirikishwa na wameridhia". Kuridhia wapi? Tulisaini kwamba tulikuja!

Mfano waliotuletea ulikuwa Malmö, Uswidi, pale palipokuwa na karakana ya meli ya Kockums. Nikaenda kusoma mwenyewe. Ni kweli, waligeuza eneo la viwanda likawa mtaa wa kuishi, wakaufungua kwa maonyesho ya nyumba mwaka wa 2001, na umeme na joto wanavipata kwa upepo, jua na maji ya chini ya ardhi. Lakini wenzetu walianza na udongo. Waliupima, wakaushughulikia ulioharibika, wakaweka safi, ndipo nyumba zikasimama. Na hata kwa uangalifu wote huo walilaumiwa, kwani nyumba za ufukweni ziliishia kuwa za wenye nazo, katika mji uliojengwa na vibarua wa meli. Mbona hayo mawili hayakuwemo kwenye picha zetu? Mmechukua mikahawa, mkaacha kazi.

Na haya hayaishii Kibarani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013. Ardhi ya viwanda na ya mafuta kuzunguka hori itazidi kutamaniwa, na kila kipande kitaletewa mchoro wenye miti. Tukinyamaza kwa hiki cha kwanza, vilivyobaki vitapita hivihivi.

Katiba ya 2010 imetupa haki ya mazingira safi, kifungu cha 42. Imeitaka serikali ihimize wananchi washiriki kuyatunza, kifungu cha 69. Imetupa haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, kifungu cha 35. Naanzia hapo. Nimeandika rasimu ya barua ya kudai vipimo vya udongo na maji ya Kibarani tangu 2018, pamoja na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ramani inayoonyesha madiko yote ya wavuvi kutoka Makupa hadi Mikindani. Inahitaji majina mengi, jina moja wanalitupa kapuni. Wa Chaani, Jomvu, Mikindani, Kibarani yenyewe, hasa nyinyi mliosaini karatasi ile ya mahudhurio, niandikieni pembeni niwatumie muisome. Na mwenye nakala ya ripoti yoyote ya vipimo aiweke hapa chini, hata kama ni ya Kiingereza. Tutaitafsiri na kuibandika dikoni.